Glavu Mbili za Kushoto

Vizma aliniambia mapema, kabla sijamvisha pete:
"Mimi sindano sishiki. Ukitaka, nitakupasulia kuni."
Bibi yake akaweka kikombe chini polepole.
Katika nyumba ile mtu haolewi
mpaka kasha lijae glavu za kugawa:
za mkwe, za shemeji, za mpiga kinanda,
za yule jirani anayekuja hata asipoalikwa.
Basi nikasema, na sijui nani alikiazima kinywa changu:
"Nitafuma mimi."

Mimi, Ilgvars, fundi wa mabasi hapa Kuldiga.
Mikono hii inaijua nati ya kumi na tatu gizani,
inaijua dizeli, inaijua breki iliyoanza kulalamika.
Sufu haiijui.
Sufu inang'ang'ania nyufa za ngozi yangu
kama paka asiyetaka kushushwa.

Bibi Otilija hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Alinipa sindano tano, nyembamba kuliko spoki,
akasema: ingiza, zungusha, vuta, achia.
Ingiza, wapi?
Zungusha, kwa kulia au kwa kushoto?
Vuta, nikavuta kama nakaza boliti ya gurudumu,
vitanzi vikaibana sindano, haiendi wala hairudi.
Achia.
Nikaachia, ikaanguka, ikabingirika uvunguni mwa jiko,
nami nikaifuata kwa magoti, mtu mzima,
na majivu puani.

Usiku wa kwanza nilifuma safu sita, nikafumua saba.
Usiniulize ya saba ilitoka wapi.
Kati ya kufuma na kufumua pana herufi moja,
na ndani ya herufi hiyo mimi nimekesha.

Ojars alinifumania gereji, chini ya basi la Riga,
nimelala chali, taa ya kichwani inawaka,
wala siitazami ekseli.
Alicheka hadi akashika mlango.
Kesho yake akaja na chai, akaangalia pembeni,
akauliza kisigino cha soksi hugeuzwaje.
Nikamwambia sijafika huko.
Hata mimi nasikia tu kwamba kipo.

Novemba, kitanzi kimoja kilinitoroka.
Sikukiona. Kilishuka safu kwa safu,
mwizi anayeijua ngazi,
kikaacha mwanya katikati ya nyota.
Bibi akachukua ndoano, akakipandisha
juu, juu, juu, hadi kwa wenzake,
huku sikio lake liko redioni
kwenye habari za bei ya viazi.

Nyota ya huku ina ncha nane. Yangu ina saba.
Ya nane ilimezwa na kidole gumba,
kile kidole kinachokaa peke yake kwenye glavu
kama mtu aliyenuna mkutanoni.

Februari nikamaliza. Nikaziweka mezani,
nyekundu na nyeupe, moja imenenepa kidogo.
Bibi akazigeuza. Akazigeuza tena.
Akajaribu hii mkono wa kushoto, ikaingia.
Akajaribu ile mkono wa kulia, gumba likaelekea nje,
likatazama dirishani.
Ndipo alipocheka. Alicheka hadi akavua miwani,
akazifuta, akacheka upya,
na mimi niliyekingoja kicheko hicho tangu Oktoba
sikujua nikiweke wapi.

Vizma hakusema neno. Alivaa moja, akanivisha ya pili,
tukatoka kwenda darajani. Baridi ilikuwa digrii kumi na moja
chini ya sifuri, mto wa Venta umeganda kandokando.
Nikatembea kuliani kwake.
Mkono wangu wa kushoto, uliovikwa,
ukaushika wake wa kulia, mtupu,
ukauzungukia.
Mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni
unapapasa donge la uzi.
Zimebaki jozi thelathini na tisa.